Kwa nini programu huria hukwama mlangoni mwa App Store

Kaa nusu saa kwenye kibanda cha fundi simu, iwe Kariakoo au Mwembe Tayari, utaliona jambo hili kwa macho. Anakuja mama mwenye simu ya Android. Ametumiwa video ya harusi ya mwanawe na haifunguki. Fundi wala hahangaiki. Anachukua simu yake mwenyewe, anaitafuta VLC, programu ya kuchezea video, anamrushia apu nzima kwa Bluetooth au Xender bila kula bando hata kidogo. "Tayari mama, jaribu sasa." Video inacheza. Anafuata kijana mwenye iPhone, shida yake ileile. Fundi anamrudishia simu: "Hii kaka ingia mwenyewe App Store, kwa akaunti yako. Mimi siwezi kukurushia."

Programu ni moja, tena ni huria: msimbo wake, yaani maandishi yaliyoijenga, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Waliotengeneza ni walewale. Huku bure na huku bure. Lakini kwenye simu moja fundi anaweza kumpa mwenzake, na kwenye nyingine hawezi. Wengi huona kwamba ndivyo iPhone ilivyo, basi. Kumbe ndani yake kuna mgogoro wa hakimiliki ambao uliwahi kuitoa VLC yenyewe App Store kwa miaka miwili na nusu, na ambao unaweza kumkuta kijana yeyote wa Dar, Nairobi au Kigali anayejenga apu kwa vipande alivyookota mtandaoni. Nataka niufungue fundo baada ya fundo, kwa sababu kila unaposimuliwa husimuliwa vibaya.

Bei haimo kwenye ugomvi

Kosa ninalolisikia mara nyingi ni hili: programu huria ni za bure, duka ni la biashara, kwa hiyo haviwezi kukaa pamoja. Si kweli. Leseni kubwa za programu huria haziwakatazi watu kuuza. Richard Stallman, mwanzilishi wa GNU, mradi wa kuandika programu huria ulioileta leseni ya GPL, katika miaka ya 1980 alikuwa akiuza kanda zenye programu yake ya Emacs kwa dola 150, na hakuona aibu yoyote. Krita, programu ya kuchora iliyo chini ya leseni ya GPL, inauzwa kwenye duka la mtandaoni la Steam na lile la Microsoft, na mapato yake husaidia kuwalipa wanaoitengeneza. Asiyetaka kulipa anaishusha kwenye tovuti yao, ileile.

Kinachogombaniwa ni kingine kabisa: je, anayeipokea programu anabaki na haki zilezile alizokuwa nazo aliyempa?

Hapo lazima tuanzie kwenye hakimiliki. Mtu akiandika mstari wa msimbo, mstari ule ni mali yake papo hapo, bila kujiandikisha popote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine yanayolindwa, na majirani zetu wana sheria za aina hiyo. Kwa hiyo msimbo ulioukuta mtandaoni, hata kama uko wazi na dunia nzima inausoma, huna ruhusa ya kuusambaza mpaka mwenyewe akupe. Leseni ndiyo ruhusa hiyo, na ruhusa huja na masharti.

Masharti ya leseni za MIT, BSD na Apache ni mepesi: chukua, badilisha, uza, ukitaka ufunge, ila usilifute jina langu. GPL inakwenda mbali zaidi. Watu wa pwani wataielewa upesi nikiifananisha na kisima cha wakfu. Teka maji, kunywa, mpelekee jirani, na ukimtoza ujira wa kubeba ndoo ni halali yako. Usichoweza ni kuweka kufuli kisimani, wala kumwambia uliyempa ndoo kwamba yeye asimpe mwingine. Kifungu cha 6 cha GPL toleo la 2, la Juni 1991, kinasema kila anayepokea programu anapokea pia ruhusa moja kwa moja kutoka kwa mwenye hakimiliki wa asili, na aliyeipitisha mikononi mwake haruhusiwi kuongeza vizuizi vingine juu ya haki hizo. Toleo la 3 limeliweka jambo hilohilo kwenye kifungu cha 10. Yashike maneno hayo, "vizuizi vingine", maana kesi yote imekaa hapo.

Mkataba, kufuli na saini

Sasa tuingie dukani. App Store ilifunguliwa tarehe 10 Julai 2008, na tangu siku hiyo imejengwa juu ya wazo kwamba apu zinazoingia kwenye iPhone zipite mlango mmoja. Anayeshusha apu anakubali masharti ya Apple, awe ameyasoma au hakuyasoma. Masharti ya mwaka 2010 yalisema bidhaa za dukani ni za matumizi binafsi yasiyo ya biashara, tena kwenye idadi maalumu ya vifaa vilivyoidhinishwa. Hapo tayari kuna vizuizi viwili ambavyo GPL haivijui. GPL inamruhusu mtu aitumie programu kwenye biashara yake, na kwenye mashine elfu moja akitaka.

Nyuma ya mkataba kuna kufuli lenyewe. Apu inayotoka dukani hushuka ikiwa imefungwa kwa mfumo wa Apple uitwao FairPlay, imefungamanishwa na akaunti ya aliyeishusha. Ndiyo maana fundi wetu hata angelipata faili, simu ya yule kijana isingelifungua.

Na nyuma ya kufuli kuna saini. iPhone haiendeshi apu isiyo na saini ya kidijitali inayotambuliwa na Apple. Tuseme mtengenezaji ni muungwana, ameweka msimbo wake wote hadharani. Umeusoma, umerekebisha kosa lililokuwa likikukera, umeujenga upya kwenye kompyuta yako. Ili uuweke kwenye simu uliyoinunua kwa jasho lako, njia rasmi ni kulipia akaunti ya msanidi, yaani mtengeneza apu, dola 99 kwa mwaka. Tangu 2015 Apple inakubali hata akaunti ya bure, lakini apu uliyoiweka kwa njia hiyo inakufa baada ya siku saba, ukaiweke tena. Haki ya kurekebisha programu unayo kwenye karatasi. Mkononi, inadumu wiki moja.

Mtu atauliza: basi anayeivunja leseni hapa ni nani? Jibu huwashangaza wengi. Kila anapobonyeza mtu kitufe cha kushusha, anayetoa nakala mpya ni Apple, kutoka kwenye seva zake. Kunakili kunahitaji ruhusa. Ruhusa ya GPL imeshikwa na sharti la kutoongeza vizuizi, na Apple inaviongeza kwa kila anayeshusha. Ruhusa inakatika, nakala inabaki bila uhalali. Aliyeipandisha apu naye hachomoki, kwa sababu alipojisajili alithibitisha kwamba ana haki ya kuikabidhi Apple kazi ile iisambaze kwa masharti yake. Ikiwa msimbo haukuwa wake wote, haki hiyo hakuwa nayo.

Wapo wanaosema siku hizi mgongano umepoa, kwa kuwa Apple inamruhusu msanidi aweke mkataba wake mwenyewe badala ya ule wa kawaida. Nimeusoma utaratibu huo na sijaridhika. Mkataba wako lazima ubebe masharti ya chini ambayo Apple imeyapanga, na moja ya hayo linasema ruhusa anayopewa mtumiaji haihamishiki kwa mwingine. GPL inasema inahamishika. Hakuna namna ya kuziandika sentensi hizo mbili kwenye mkataba mmoja.

Yaliyoikuta VLC

Mwezi Mei 2010, taasisi ya Free Software Foundation ya Marekani, inayomiliki hakimiliki ya kazi nyingi za GNU, iliiandikia Apple kuhusu GNU Go, mchezo wa bao la mawe wa Asia ya Mashariki uliokuwa umewekwa dukani na watu wengine. Taasisi ilieleza kwamba ingependa mchezo ubaki, ila kwa masharti ya GPL. Apple ikauondoa. Jibu hilo la vitendo lilionyesha mapema ni upande upi hautapinda.

Kisa cha VLC ni kizito zaidi. Ilizaliwa mwaka 1996 mikononi mwa wanafunzi wa École Centrale Paris, waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao. Tarehe 1 Februari 2001 chuo kikakubali msimbo utolewe chini ya GPL, na tangu hapo ukajengwa na watu wa nchi nyingi: mmoja akileta kipande cha kusoma faili za sauti, mwingine kipande cha manukuu, mwingine akirekebisha mistari kumi na kuondoka zake. Mwaka 2010 kampuni ya Ufaransa iitwayo Applidium ikaihamishia kwenye iPad, kisha iPhone. Iliingia App Store mwezi Septemba. Watu waliipenda, na msimbo wa toleo hilo ulitolewa hadharani kama leseni inavyotaka.

Kabla Oktoba haijaisha, Rémi Denis-Courmont, mmoja wa waandishi wakubwa wa VLC, alipeleka kwa Apple taarifa ya ukiukaji wa hakimiliki. Hoja yake ndiyo hiyo niliyoieleza juu: masharti ya duka yanawanyima watumiaji haki walizopewa na leseni. Mwanzoni mwa Januari 2011 VLC ikatoweka dukani.

Alisemwa sana. Wapo waliokumbusha kwamba wakati ule alikuwa mwajiriwa wa Nokia, mshindani wa Apple. Wapo waliolia kwamba amewanyima watu programu nzuri kwa ajili ya aya moja ya sheria. Mimi naona nia yake haibadilishi kitu. Aliandika sehemu ya msimbo, akaiandika kwa sharti, na sharti likavunjwa. Asiyekubaliana naye angeweza kuandika sehemu ile upya. Tukianza kusema sharti la mwenye kazi linafaa tu pale linapotupendeza, basi mwanafunzi wa Kibaha au Kisumu anayetoa kazi yake kwa masharti atakuwa hana kinga yoyote siku kampuni kubwa itakapoichukua.

Jambo ambalo halikusisitizwa vya kutosha wakati ule ni hili: mtu mmoja tu alitosha kuisimamisha apu nzima. Hakimiliki ya VLC haikuwa ya chuo peke yake, wala ya VideoLAN, shirika linaloisimamia. Ilikuwa imetawanyika kwa kila aliyechangia. Kubadilisha leseni kulihitaji kila mmoja wao akubali, au kazi yake iandikwe upya.

Ndiyo kazi aliyoianza Jean-Baptiste Kempf, rais wa VideoLAN. Kumtafuta aliyeleta mistari michache miaka minane iliyopita kwa anwani ya barua pepe ya chuo alichokwisha kuhitimu si mchezo. Mwaka 2011 kiini cha programu, libVLC, kilihamia kwenye LGPL, ndugu mwepesi wa GPL. Mwaka 2012 zikafuata sehemu nyingi za kuchezea video na sauti. Julai 2013 VLC ikarudi App Store, safari hii msimbo wa apu yenyewe ukiwa na leseni mbili kwa pamoja: GPL toleo la 2 na kuendelea, na MPL toleo la 2.0, ile ya Mozilla.

Hapa kuna fundo dogo ambalo waandishi wengi huliruka. LGPL toleo la 2.1 nayo ina sentensi ileile ya kutoongeza vizuizi. Ukiisoma kwa ukali, kiini cha VLC bado kina mgongano na duka. Kwa maoni yangu kilichobadilika zaidi ni ridhaa. Wenye hakimiliki walitafutwa mmoja mmoja, wakaulizwa, wakajua msimbo unaelekea wapi. Kesi ya hakimiliki inahitaji mwenye mali anayelalamika, na hapa wenye mali walikuwa wameshasema ndiyo.

Tarehe 29 Juni 2007

Toleo la 3 la GPL lilitangazwa tarehe 29 Juni 2007. Siku hiyohiyo iPhone ya kwanza iliingia madukani Marekani. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini ukiziweka pamoja hati ile na simu ile unaona mabishano ya miaka iliyofuata yakianza asubuhi moja.

Toleo hilo liliandikwa huku mashine ya TiVo ikiwa akilini. TiVo ilikuwa mashine ya kurekodi televisheni iliyotumia Linux, mfumo huria wa kuendeshea mashine. Kampuni ilitoa msimbo kama GPL toleo la 2 ilivyodai, ila mashine ilikagua saini: ukiweka programu uliyoibadilisha, inakataa kuwaka. Herufi ya leseni ilitimizwa, faida yake ikafutwa. Ndipo toleo la 3 likaongeza kwamba anayeuza kifaa cha nyumbani chenye programu hiyo ndani lazima atoe pia funguo na maelezo ya kuweka toleo lililobadilishwa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hakukubaliana na jambo hilo, na Linux imebaki toleo la 2 mpaka leo.

Kifungu hicho cha funguo kimeandikwa kwa ajili ya programu inayokuja pamoja na kifaa kinapouzwa. Apu iliyoshushwa baadaye dukani ni hadithi nyingine, na wanasheria wanabishana. Kwa hiyo mtu akikwambia "tatizo la App Store ni GPL toleo la 3", mrudishe kwenye GNU Go na VLC, zilizoondolewa kwa hoja za toleo la 2. Microsoft nayo iliwahi kuichukulia GPL toleo la 3 kama hatari ya pekee: mwaka 2011 masharti ya duka lake la Windows Phone yaliitaja leseni hiyo miongoni mwa zilizokatazwa.

Neno moja kwenye amri ya kujenga

Yote haya yanaweza kuonekana ya mbali, ya Paris na Boston. Nieleze lilivyonikaribia.

Niliwahi kukabidhiwa apu ya masomo ya video niikague kabla haijapandishwa App Store. Vijana walioijenga walikuwa wazuri, kazi yao safi. Kwa kukata na kubana video walitumia FFmpeg, zana huria ya kuchakata video, kama dunia nzima inavyofanya. Nilipowauliza leseni yake wakajibu bila kusita: LGPL. Walikuwa sahihi, nusu. FFmpeg kwa kawaida iko chini ya LGPL toleo la 2.1. Lakini nilipofungua faili ya maelekezo ya kujenga, kwenye mstari mrefu wa chaguo nikakuta `--enable-gpl`, na baada yake `--enable-libx264`.

Neno hilo moja linabadilisha kila kitu. x264, maktaba ya kubana video, iko chini ya GPL. Ukiiunga ndani ya FFmpeg, FFmpeg yote uliyoijenga inakuwa ya GPL, na apu inayoibeba inapaswa kufuata. Apu yao ilikuwa imefungwa, haina msimbo hadharani, na ilikuwa inakwenda App Store. Makosa mawili kwenye mstari mmoja ambao mwenzao aliunakili kutoka kwenye somo la mtandaoni. Hakuna aliyekusudia kudhulumu. Hawakujua kwamba hapo palikuwa na mlango.

Dawa ilikuwepo na haikuwa chungu. Waliiondoa x264, wakaijenga FFmpeg upya bila neno lile, na kazi ya kubana video wakaiachia mashine ya iPhone yenyewe, ambayo ina uwezo huo ndani kupitia VideoToolbox. Wangeweza pia kununua leseni ya kibiashara ya x264, maana wenye nayo wanaiuza kwa wasioitaka GPL. Ila msingi wa LGPL waliobaki nao bado ulidai wataje wanachotumia, watoe msimbo wa sehemu ile, na wamwezeshe mtumiaji kuibadilisha. Nao, kama nilivyosema kwenye VLC, una ile sentensi ya vizuizi. Wao waliamua kuendelea, kama wafanyavyo wengi, wakijua wanaegemea uvumilivu wa wenye FFmpeg. Nisingependa kuwaficha hilo.

Anayeweza kufungua ni mwenye mali

Mfano wangu wa kisima cha wakfu una mahali unapokatika. Aliyeweka wakfu hairudishi mali. Mwenye hakimiliki, kinyume chake, habanwi na leseni yake mwenyewe. Ukiandika apu peke yako, kila mstari wako, unaweza kuitoa kwa GPL kwa ulimwengu na wakati huohuo kuipa Apple ruhusa nyingine ya pembeni. Hujavunja chochote, maana ukiukaji ni wa kukosa ruhusa na wewe ndiye mtoa ruhusa. Hilo linafumbua swali ninaloulizwa kila mara: mbona Telegram ya iPhone ina msimbo wa GPL na iko dukani?

Tatizo linaanza siku mtu wa pili anapoleta marekebisho. Rekebisho lake ni mali yake, limeingia chini ya GPL, na ile ruhusa ya pembeni hajakupa. Kuanzia hapo apu ina wenyewe wawili, na kila mmoja anaweza kufanya alichofanya Denis-Courmont.

Miradi mingine inawaomba wachangiaji wasaini makubaliano kabla ya kupokea kazi yao, kwamba shirika linaweza kuitoa kwa leseni nyingine pia. Yanafanya kazi, lakini yanampa mwenye shirika nguvu kubwa: kesho anaweza kuufunga msimbo ambao watu waliuchangia bure. Mimi husita kuyasaini, na simlaumu anayekataa.

Njia ninayoipenda ni nyongeza ya ruhusa. Kifungu cha 7 cha GPL toleo la 3 kinaruhusu wenye hakimiliki waongeze ruhusa za ziada juu ya leseni. Watu wa Signal waliiandika vizuri kwenye maktaba yao ya kusimba ujumbe: ukitimiza GPL yote, ikiwemo kutoa msimbo, unaruhusiwa zaidi ya hapo kuipitisha App Store nakala iliyokwisha kujengwa, kwa masharti ya MPL toleo la 2.0. Nextcloud, wenye programu huria ya kuhifadhi faili, nao wana faili ya namna hiyo kwa apu yao ya iPhone. Uzuri wake ni kwamba kila anayechangia anaikuta imeshaandikwa, anaingia akijua, na hakuna anayepewa funguo za nyumba nzima. Upungufu wake ni kwamba inafungua mlango wako tu. Ukiunga ndani maktaba ya GPL ya mtu mwingine asiyeweka nyongeza hiyo, faili yako haimfungi, hata uiandike kwa herufi kubwa.

Na ipo njia ya kuchagua leseni nyepesi tangu mwanzo: Apache, MIT, au MPL iliyo katikati, inayodai mabadiliko ya faili zile zile yabaki wazi bila kugusa apu nzima. Kwa maktaba ndogo mimi huchagua MPL. Kwa apu kamili ninayotaka ibaki mikononi mwa watumiaji, GPL pamoja na nyongeza, iliyowekwa kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi. Ukichelewa, utafanya kazi ya Kempf.

Upande wa fundi

Google Play ina masharti yake, lakini ugomvi wa namna hii haukuwahi kupamba moto huko, na sababu tumeiona kibandani. Android inakubali kuwekewa apu kutoka nje ya duka. Tangu Agosti 2021 apu mpya za Play husainiwa kwa ufunguo ulio mikononi mwa Google, kwa hiyo ukijenga toleo lako lazima kwanza uifute ile ya dukani, na data zako huenda nayo. Ni kero, ila simu inakubali. F-Droid, hazina ya programu huria iliyoanzishwa 2010, inaishi kwenye nafasi hiyo: inachukua msimbo, inaujenga yenyewe, inagawa bila akaunti.

Ulaya imejaribu kuilazimisha Apple iachie nafasi ya aina hiyo. Kuanzia Machi 2024, chini ya sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya, maduka mengine yameruhusiwa kwenye iPhone, na AltStore PAL ikafunguliwa Aprili. Hata hivyo kila apu bado hupita ukaguzi na saini ya Apple kwanza, na sheria hiyo inaishia kwenye mipaka ya Umoja huo. Kijana wa kibandani haimgusi.

Wakati huohuo Android inasogea upande wa pili. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026, kwanza Brazili, Indonesia, Singapuri na Thailand, kisha nchi nyingine, simu zilizoidhinishwa zitakubali tu apu za wasanidi waliojitambulisha kwake, hata kama apu haikutoka Play. F-Droid wakasema mpango huo ukitekelezwa kama ulivyo, kazi yao inaisha. Baada ya makelele Google ikasema, mwezi Novemba, kwamba itaacha njia kwa watumiaji wazoefu waliokubali hatari.

Leseni ya VLC haitabadilika hata herufi moja kwa sababu ya hilo. VLC ina watu wa kujitambulisha, nayo itaendelea kurushwa. Wasiwasi wangu ni kwa yule aliyejenga apu ndogo ya kuhesabu akiba ya kikundi cha kina mama, akaiweka GPL, akampa fundi ili awagawie. Jina lake haliko kwenye orodha ya mtu yeyote, na simu ya mama ikifika kibandani itaulizwa jina hilo kwanza.